Nyanya Tamu kwa Meza ya Nyumbani

Somo letu la mwezi huu linahusu tunda ambalo huingia jikoni mwetu karibu kila siku. Hapa Kirua Vunjo, mama anapopika machalari, maharage au mchicha, jambo la kwanza ni kitunguu na nyanya. Hata hivyo, ni familia chache zinazojua nyanya hiyo imelimwa wapi, imepigwa dawa gani, na kwa nini mara nyingi haina ladha mpaka mtoto aisukume pembeni mwa sahani.

Katika somo hili tutaangalia mambo matatu: utamu wa nyanya unatoka wapi, namna ya kuchagua aina inayofaa kwa bustani ya nyumbani, na namna ya kuilima hapa mlimani bila kuhatarisha afya ya watoto wetu.

NYANYA INATUPA NINI MWILINI?

Sehemu kubwa ya nyanya ni maji, yapata asilimia 95. Katika gramu 100 za nyanya mbichi, yaani nyanya moja ya wastani, kuna vitamini C miligramu 14 hivi, madini ya potasiamu zaidi ya miligramu 200, na sukari ya asili gramu 3 hivi tu. Kwa hiyo mtu asiogope neno "tamu". Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 30. Mtoto anayekula nyanya ndogo tamu kumi badala ya soda hajapoteza kitu, amepata faida.

Vitamini C ina kazi moja ambayo familia zetu zinaihitaji sana. Husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mchicha na mnafu. Chuma ndicho kinachojenga damu. Anayekula kiburu cha ndizi na maharage pamoja na kachumbari ya nyanya mbichi hupata chuma zaidi kuliko anayekula kiburu kitupu. Wajawazito na watoto wadogo wakumbukwe hasa katika jambo hili.

Rangi nyekundu ya nyanya nayo ina kazi. Inatokana na kitu kiitwacho laikopini. Hiki hufyonzwa vizuri zaidi nyanya ikipikwa na mafuta kidogo, wakati vitamini C hupungua kwa moto. Ndiyo maana ni vema kula nyanya kwa njia zote mbili: nyingine zipikwe, nyingine ziliwe mbichi.

KWA NINI NYANYA YA SOKONI HAINA LADHA?

Nyanya inayouzwa kwenye masoko makubwa imechaguliwa kwa ajili ya safari. Mfanyabiashara anayejaza tenga au kreti na kulipeleka mbali anataka nyanya ngumu, yenye ganda nene, isiyopasuka njiani. Mkulima naye anataka mche unaozaa sana kwa mara moja. Hayo ni mahitaji halali, na hatuwezi kuwalaumu. Lakini wataalamu wa mbegu walipotafuta ugumu na wingi kwa miaka mingi, utamu haukutazamwa sana, ukapungua.

Mwaka 2012 watafiti walieleza sababu mojawapo. Nyanya nyingi za zamani, zikiwa bado mbichi, zilikuwa na mabega ya kijani kibichi sana karibu na kikonyo. Wazalishaji wa mbegu walipendelea nyanya ambazo zina rangi moja ya kijani hafifu, kwa sababu zikiiva huwa nyekundu sawasawa na kupendeza machoni. Kumbe yale mabega ya kijani yalikuwa yakisaidia tunda lenyewe kutengeneza sukari. Walipoyaondoa, waliondoa pia sehemu ya utamu.

Mwaka 2017 watafiti wengine, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Florida nchini Marekani, walionyesha kuwa aina nyingi za kisasa zimepoteza pia baadhi ya vitu vinavyoleta harufu nzuri ya nyanya. Harufu hiyo ni sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha.

Sisi wenye kihamba hatuhitaji nyanya ya kusafiri. Nyanya yetu inatembea kutoka bustanini mpaka jikoni, hatua ishirini au thelathini. Kwa hiyo tunaweza kuchagua ganda laini, maji mengi na utamu, mambo ambayo mfanyabiashara hayawezi.

UTAMU UNATOKA WAPI?

Utamu wa nyanya ni mapatano kati ya sukari na ukali. Nyanya yenye sukari bila ukali hupooza mdomoni. Yenye ukali bila sukari hukunja uso. Nyanya nzuri ina vyote viwili vya kutosha. Mambo yanayoamua ni haya:

1. Aina ya mbegu. Hili ni la kwanza. Kwa kawaida nyanya ndogo, zenye ukubwa wa gololi au zabibu kubwa, huwa na sukari nyingi kuliko nyanya kubwa.

2. Jua. Majani hutengeneza sukari kwa kutumia mwanga. Mche uliopandwa kivulini huzaa nyanya chache zisizo na ladha, hata kama mbegu ni nzuri.

3. Majani yenye afya. Anayepunguza majani yote ili "matunda yapate jua" anaharibu kiwanda cha sukari.

4. Maji ya kiasi. Maji mengi wakati tunda linaiva huzimua utamu.

5. Mbolea iliyo sawa. Samadi nyingi kupita kiasi huleta majani mengi na matunda machache, tena yasiyo na ladha.

6. Kuivia mtini. Nyanya iliyochumwa ikiwa ya kijani itapata wekundu ndani ya nyumba, lakini haitapata tena sukari ambayo mche ungeendelea kuileta.

KUCHAGUA AINA

Nyanya ndogo za kienyeji. Katika vihamba vingi utaona nyanya ndogo sana zinazojiotea zenyewe karibu na jalala, ukingo wa mfereji au nyuma ya banda. Watu wengi huzing'oa kama magugu. Kabla hujang'oa, onja. Nyingine ni kali tu, lakini nyingine ni tamu ajabu, na zimezoea hewa na magonjwa ya hapa. Ukipata mche mtamu, utunze mbegu yake. Hiyo ni mali ya bure.

Nyanya ndogo za dukani. Duniani kote zipo aina zinazosifiwa kwa utamu. Gardener's Delight ni ya siku nyingi, nyekundu, na mbegu yake inaweza kutunzwa. Sungold, iliyotoka Japani mnamo mwaka 1992, ni ya rangi ya chungwa na tamu sana, lakini ni chotara. Uliza maduka ya mbegu ya Moshi na Arusha kama wana nyanya ndogo za aina yoyote.

Nyanya ndefu za mviringo. Money Maker na Marglobe zimejulikana Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Mche wake hurefuka na kuhitaji mti wa kuegemea. Ganda lake ni jepesi kuliko la nyanya za biashara. Zikilimwa juani na kuivia mtini, zinafaa sana kwa kachumbari.

Tanya na Tengeru 97. Hizi zilitolewa rasmi mwaka 1997 kutokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, pamoja na kituo cha kimataifa cha mboga. Ni ngumu na hukaa siku nyingi bila kuoza. Kwa familia inayotaka kula na kuuza ziada Himo au Uchira, ni chaguo jema.

Roma na Cal J. Ni za umbo la yai, nyama nyingi na maji machache. Zinafaa kwa mchuzi na kwa kukausha kuliko kula mbichi.

Ushauri wetu kwa anayeanza ni huu: panda aina tatu, miche mitatu ya kila aina. Siku ya kuvuna, kata nyanya moja ya kila aina, weka kwenye visahani vitatu bila majina, na kila mtu nyumbani aonje na kuchagua. Watoto nao wapewe sauti. Aina itakayopendwa na wengi ndiyo mtakayoipanda kwa wingi msimu ujao. Mtoto aliyechagua nyanya mwenyewe hahitaji kubembelezwa aile.

MAHALI NA MAJIRA

Kirua Vunjo inaanzia juu, karibu na msitu wa mlima, hadi tambarare ya chini. Hali ya hewa hutofautiana sana. Kwa kawaida, kila unapopanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Kwa hiyo ushauri unaofaa Uchira haufai moja kwa moja kwa aliye juu kwenye migomba na kahawa.

Juu, kwenye migomba: Adui zetu ni kivuli, baridi na umande. Miezi ya Juni hadi Agosti ina mawingu na ukungu. Nyanya huiva polepole na kushambuliwa na bakajani. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, nayo ni mvua nyingi mno. Wakati mzuri ni kuotesha kitalu mwanzoni mwa Oktoba, kupandikiza Novemba, ili matunda yaive mwishoni mwa Januari na Februari, jua likiwa kali.

Chini, tambarare: Adui ni joto. Joto likizidi digrii 30 kwa muda mrefu, maua hudondoka na nyanya hubaki na rangi ya manjano badala ya kuwa nyekundu. Huko panda mwishoni mwa masika ili uvune wakati wa ubaridi, kama maji ya kumwagilia yapo.

Katika kihamba chenye migomba, mibuni, miparachichi na miringaringa, tafuta mahali panapopata jua saa 6 kwa siku au zaidi. Mara nyingi ni mbele ya nyumba, pembeni mwa njia au upande wa mashariki wa banda. Ukikosa nafasi, tumia gunia au ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, uijaze udongo na samadi iliyooza. Mche mmoja kwa ndoo ya lita 20 unatosha.

HATUA ZA KULIMA

Kitalu. Otesha mbegu kwa kina cha sentimita 1, mistari iachane sentimita 15. Funika kwa nyasi kavu. Zikishaota, baada ya siku 6 hadi 10, ondoa nyasi na uweke kichanja chepesi cha kivuli. Kisha kipunguze kidogo kidogo ili miche izoee jua.

Kupandikiza. Miche ikifikisha wiki 4 au 5 na majani manne hadi sita, ipandikize jioni. Iachane sentimita 60, na mistari sentimita 90. Kila shimo liwe na konzi mbili za samadi iliyooza vizuri. Wiki moja kabla, changanya konzi moja ya majivu ya kuni na udongo wa shimo. Majivu yana potasiamu, inayosaidia utamu, na kalisi. Usiyachanganye majivu na samadi kwa siku moja, kwa sababu nguvu ya samadi hupotea hewani.

Kuegemeza. Simika mti wa mita moja na nusu na ufunge mche kwa kamba za migomba, bila kukaza. Kwa aina ndefu, ondoa machipukizi yanayotoka kwenye makwapa ya majani, ubakize shina moja au mawili. Majani ya chini yanayogusa udongo yaondolewe; ya juu yaachwe.

Matandazo. Tandaza majani makavu ya migomba, lakini yasiguse shina. Yatahifadhi unyevu na kuzuia matone ya mvua yasirushe udongo wenye vimelea kwenye majani.

Maji. Mwagilia asubuhi, chini kwenye mizizi, kamwe si juu ya majani. Mwagilia kwa utaratibu ule ule. Mche unaokaushwa siku nyingi kisha ukafurikishwa kwa zamu ya mfereji hupasua matunda, na mengine huoza kitako, yaani sehemu ya chini huwa nyeusi. Matunda yanapoanza kubadilika rangi, punguza maji kidogo, lakini mche usinyauke.

Mzunguko. Usipande nyanya mahali palipokuwa na viazi mviringo, bilinganya, pilipili au ngogwe msimu uliopita. Hizi zote ni ndugu, na magonjwa yao ni yale yale.

MAGONJWA NA HATARI YA DAWA

Bakajani chelewa huanza kama madoa ya rangi ya maji machafu kwenye majani wakati wa baridi na unyevu, na ndani ya siku chache mche wote huungua. Kinga yake ya kwanza ni majira mazuri, nafasi ya kutosha na majani makavu. Ukiona jani la kwanza lenye ugonjwa, likate na ulichome moto.

Kanitangaze ni kipepeo mdogo wa kijivu ambaye viwavi wake huchimba ndani ya majani na matunda. Aliingia Tanzania mwaka 2014. Kagua miche mara mbili kwa wiki. Majani na matunda yaliyochimbwa yatie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uuache juani siku kadhaa. Usiyatupe kwenye mboji.

Sasa tufike kwenye jambo zito kuliko yote. Familia nyingi zina mibuni, na mibuni hupigwa dawa. Nyanya iliyo chini au kando ya mbuni hupokea dawa hiyo pia, hata kama hakuna aliyekusudia. Mtoto akipita jioni akachuma na kula, amekula dawa. Kwa hiyo:

- Bustani ya nyanya iwe mbali na mibuni, au ifunikwe siku ya kupiga dawa na kuoshwa baadaye kwa maji mengi.
- Dawa iliyoandikwa kwa ajili ya kahawa isitumike kwenye nyanya bila ushauri wa bwana shamba au bibi shamba.
- Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nyingine ni siku 3, nyingine 7, nyingine 14 au zaidi. Soma kibandiko. Ukishindwa kusoma, mwombe mwanao wa shule akusomee.
- Dawa isihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa.
- Kuosha huondoa dawa iliyo juu ya ganda tu. Iliyoingia ndani haiondoki kwa maji.

Kwa bustani ya miche 10, mara nyingi mikono na macho vinatosha, na dawa haihitajiki kabisa. Hii ndiyo faida kubwa ya kulima nyumbani: unajua unachompa mtoto.

KUVUNA NA KULA

Chuma nyanya ikiwa imeiva kamili, au angalau imeshika wekundu, kama ndege wanakusumbua. Iweke mahali penye hewa, kikonyo kikiwa chini. Wenye friji wasiiweke humo. Baridi chini ya digrii 12 huua harufu yake.

Osha nyanya kwa maji safi kabla ya kula mbichi, hasa kama unamwagilia kwa maji ya mfereji, kwa maana watu na mifugo wa juu nao huyatumia. Nyanya zisizooshwa huweza kuleta kuhara na minyoo.

Onyo kwa wenye watoto wadogo: nyanya ndogo ya mviringo inaweza kuziba koo la mtoto. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 5, ikate vipande vinne.

Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo aangalie kama nyanya mbichi zinamsumbua, apunguze. Mgonjwa wa figo amwulize daktari wake kuhusu kiasi, kwa sababu ya potasiamu. Majani ya mnyanya hayaliwi.

KUTUNZA MBEGU

Kwa aina zisizo chotara, chagua tunda bora kutoka kwenye mche bora wenye afya, usiokuwa na ugonjwa. Tunda la kwanza tamu lisiliwe, liwe mama wa mbegu. Kamua mbegu na maji yake kwenye kikombe, uache siku 2 au 3 mpaka utando uanze kuchacha. Osha, mimina zinazoelea, anika zilizozama kivulini juu ya sahani. Zikikauka kabisa, zitie kwenye karatasi, andika jina na mwaka, uhifadhi mahali pakavu. Zitaota vizuri kwa miaka 3 au zaidi.

Mbegu zilizoandikwa F1 ni chotara. Ukizitunza, watoto hawatafanana na mama. Wengine watakuwa watamu, wengine wachungu. Hizo hununuliwa upya kila msimu.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Nyanya tunazokula wiki hii zimetoka wapi? Je, tunajua zilipigwa dawa lini?
2. Ni sehemu gani ya kihamba chetu inapata jua saa 6 kwa siku?
3. Je, mibuni yetu au ya jirani iko karibu na mboga zetu? Tufanye nini pamoja na jirani siku ya kupiga dawa?
4. Nani katika jumuiya yetu ana nyanya ndogo za kienyeji zilizo tamu, na yuko tayari kugawa mbegu?
5. Dawa za shamba katika nyumba yetu zinahifadhiwa wapi? Mtoto anaweza kuzifikia?

Tunawashauri mwanze na swali la tano leo hii, kabla ya kufikiria kitalu. Kisha mwezi Oktoba ukikaribia, tengenezeni kitalu kidogo cha hatua moja kwa moja, na kila mtoto apewe mche wake wa kuutunza.